Mtaalamu wa Bahari wa Chaka

Wachuka binti Theuri hapendwi Chaka, mji mdogo wa Kieni chini ya Mlima Kenya, na tangu mwezi wa nne hakuna anayejisumbua kulificha jambo hilo. Akiingia dukani kununua sukari, mazungumzo yanakatika. Akitoka, yanaanza tena kabla hajafika barabarani. Ana miaka ishirini na sita. Ni mrefu, hutembea akiangalia chini, na ana shahada ya oshenografia. Anaposemwa, yote matatu hutajwa pamoja, kama mtu anayesomewa mashtaka.

Neno oshenografia lilifika Chaka kwa njia ya kanisa, Jumapili moja miaka miwili iliyopita. Kanisa lao lina desturi: kijana akimaliza chuo, siku ya shukrani huvaa joho lake tena, husimama mbele na kuwaambia washirika alichosomea. Mama yake huwekwa kiti cha mbele, na kitambaa kipya kichwani. Siku hiyo vijana walikuwa watano. Wa kwanza alisomea uuguzi, wakapiga makofi. Wa pili ualimu, makofi tena. Wachuka alikuwa wa mwisho. Mzee Kingori, aliyeshika maikrofoni, alilisoma neno kwenye karatasi likamshinda, akalijaribu tena, akasema huenda ni jina la ugonjwa. Kanisa likacheka. Akampa Wachuka maikrofoni ajieleze.

Wachuka alisema kwa sauti ndogo kwamba ni sayansi ya bahari.

"Na bahari iko wapi hapa Kieni?" Kingori aliuliza, akiinamia maikrofoni iliyokuwa mkononi mwa msichana. "Si useme tu samaki. Washirika, huyu wetu amesomea samaki. Mpeni makofi ya kilo."

Maikrofoni bado ilikuwa mkononi mwake. Angeweza kusema hapana. Alitabasamu, akairudisha, akaenda kuketi.

Ukweli ni kwamba wanaosoma oshenografia hugawana bahari kama watu wanavyogawana shamba. Wako wanaosoma viumbe wake, kuanzia nyangumi hadi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wako wanaosoma chumvi na kemikali zake, na wengine husoma sakafu yake, milima na mabonde yaliyofunikwa na maji. Na wako wanaosoma maji yenyewe: kwa nini yana joto juu na baridi chini, yanakwenda wapi, ni nini huyafanya ya chini yapande na ya juu yazame. Wachuka alikuwa wa kundi hili la mwisho. Kwa miaka minne hakupasua samaki hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kuteremsha chupa na kipimajoto kwa kamba kutoka ubavuni mwa mashua ya chuo, kuvuta juu na kuandika tarakimu. Aliipenda kwa sababu haikumtaka aongee na mtu.

Baada ya chuo hakupata kazi pwani. Akarudi kwa mama yake, Watiri, mkulima wa vitunguu, na kufundisha hesabu katika shule ndogo ya binafsi. Mjini wakamwita Bahari. Mugo, kijana mwenye duka la dawa za mifugo, ndiye aliyelianzisha jina hilo. Kila Wachuka alipopita alimwuliza kama papa anaweza kufugwa kwenye mtungi wa lita ishirini, na wateja wake walicheka kana kwamba hawajawahi kulisikia swali hilo.

Kingori hakuwa mzee wa kanisa tu. Alikuwa pia mwenyekiti wa Thayu, kikundi cha wakulima ishirini na wawili, Watiri na Mugo wakiwa miongoni mwao. Ulipotangazwa mradi wa kugawia vikundi vifaranga vya samaki, fomu iliuliza kama kikundi kina mtaalamu. Kingori akaandika: Wachuka Theuri, mtaalamu wa bahari. Hakumwuliza. Wachuka alijua alipoitwa kupigwa picha kando ya shamba ambako bwawa lingechimbwa.

Maagizo ya mradi yalisema bwawa lisizidi kina cha mita moja na nusu. Tingatinga lilipofikia hapo, dereva akasimamisha mashine. Kingori akampungia mkono aendelee.

"Hatuchimbi kidimbwi cha bata hapa," alisema. "Hawa wengine wako na maofisa wa samaki. Sisi tuko na mtu wa bahari. Enda chini."

Watu walicheka kwa fahari. Tingatinga likaenda chini mita tatu na nusu, shimo likatandikwa plastiki nyeusi na kujazwa maji ya mfereji, kisha vikatiwa vifaranga vya tilapia na kambare. Wachuka alikuwa amesimama kwenye ua akitazama. Alijua. Maji ya kina kile, mahali pasipo mawimbi, yangejitenga: ya juu yangepata jua na hewa, ya chini yangelala gizani, baridi, yakioza polepole na uchafu wote unaozama. Siku moja yangechanganyika kwa ghafla. Jioni alimweleza mama yake, naye akamwambia amweleze Kingori. Wachuka akaandika ujumbe kwenye simu, akausoma mara tatu, akaufuta. Alijiambia kwamba hawatamsikia. Hilo lilikuwa kweli, na halikuwa sababu.

Badala yake alianza kupima. Kila Jumamosi asubuhi, watu wakiwa sokoni, alifunga jiwe na kipimajoto kwenye kamba, akateremsha, akaandika kwenye daftari. Kufikia mwezi wa tatu, baada ya wiki za jua kali, maji ya juu yalikuwa na nyuzi ishirini na tatu na ya chini kumi na sita. Tarakimu nzuri kabisa, kama mchoro wa kitabuni. Akazifungia kabatini.

Mwisho wa mwezi huo mvua ya mawe ilinyesha mchana kutwa, na upepo wa baridi kutoka mlimani. Asubuhi iliyofuata tilapia walikuwa wanaelea bwawani, mamia, midomo wazi, matumbo yakimeta juani. Kambare walikuwa hai. Walikuwa wakipanda, wanameza hewa, wanazama. Vyura walikuwa pembeni kwenye plastiki kama kawaida yao.

Wachuka alipofika, mkosaji alikuwa amekwisha kupatikana. Juu ya bwawa, ng'ambo ya mfereji, Abdiaziz alikuwa amekodi kipande cha ardhi kwa mjane mmoja. Alikuwa akileta mbuzi kutoka Nanyuki, akiwanyunyizia dawa ya kupe na kuwauza siku za soko.

"Ni waria," Kingori alikuwa akimwambia kila aliyefika, kwa lile jina la dharau la Wasomali. "Ameosha pampu yake ya dawa kwa mfereji. Mugo si ndiye amemwuzia dawa? Mugo, sema."

Mugo alisema ni kweli, alimwuzia chupa mbili wiki iliyopita. Hakusema kwamba nusu ya Thayu walikuwa wamenunua dawa hiyohiyo wiki hiyohiyo. Kabla ya saa nne kulikuwa na mawe juu ya bati la zizi la Abdiaziz. Wachuka aliteremsha kamba yake watu wakimtazama. Juu nyuzi kumi na saba. Chini kumi na sita na nusu. Maji yalikuwa yamechanganyika: bwawa lilikuwa limepinduka.

Siku mbili baadaye Kingori alifika nyumbani kwao na Mugo, na barua iliyokwisha kupigwa chapa. Watiri aliwapa viti na chai. Barua ilikuwa ya kupelekwa kwa chifu na kwa Nduta, afisa wa uvuvi. Ilisema: Mimi, Wachuka Theuri, mtaalamu wa bahari, nimechunguza maji na kuthibitisha kwamba samaki wa kikundi cha Thayu walikufa kwa sumu ya dawa ya kupe kutoka kwa jirani. Kingori alieleza mambo yalivyo. Mradi hulipa samaki wakiuawa na mtu. Wakifa kwa uzembe wa kikundi, kikundi huondolewa. Na chifu alikuwa amesema akipata karatasi ya mtaalamu, Abdiaziz atahama kabla ya mwezi kwisha. Ilibaki sahihi tu.

Wachuka alisema hakupima sumu. Alisema oshenografia aliyosoma haikuwa ya sumu, ilikuwa ya joto na mwendo wa maji.

"Leo ndio umejua maana yake?" Kingori aliuliza. "Siku ile kanisani ulikuwa na maikrofoni. Ulinyamaza."

Wachuka aliisoma barua tena, Kingori akiendelea.

"Bahari iko na chumvi, iko na samaki, iko na sumu. Yote ni yako. Hakuna mtu Chaka hii atakuuliza ulisoma upande gani. Weka sahihi."

Mugo alikuwa akikoroga chai. "Bahari, hata Mungu akikuuliza, wewe sema ulitumwa na mwenyekiti," alisema, na yeye peke yake akacheka.

Wachuka aliomba siku tatu. Walipoondoka, mama yake alikusanya vikombe bila kumtazama.

"Weka, mwanangu," alisema. "Hawa ndio wanatuvunia vitunguu. Hawa ndio watatuzika."

"Hakuweka sumu, mami."

"Nimesema ameweka? Nimesema weka sahihi."

Kesho yake Wachuka alipanda hadi kwa Abdiaziz. Hakuenda kumwonea huruma. Alitaka kuona pampu ilipooshewa, maana hakutaka kuandika asichokijua. Abdiaziz, mtu mwembamba wa miaka hamsini hivi, alikuwa akigongomea kipande cha bati palipotobolewa na jiwe. Hakushuka kwenye ngazi.

"Umekuja kuhesabu mbuzi wangu ama samaki wenu?" aliuliza.

Wachuka alimwuliza ananyunyizia wapi. Akaelekeza kwa nyundo. Palikuwa nyuma ya zizi, udongo mkavu, hatua sabini kutoka mfereji, na mteremko ulielekea upande mwingine. Mbuzi wake walikuwa wakinywa maji ya mfereji huohuo. Wachuka alihesabu hatua, akaandika.

"Miaka sita niko hapa," Abdiaziz alisema kutoka juu. "Kingori ananunua mbuzi kwangu kila Krismasi. Jina langu anajua, jina la mke wangu anajua. Leo mimi ni waria. Na wewe umesoma, umekuja na kitabu kuandika vile ulishaambiwa uandike."

"Sijaambiwa," Wachuka alisema, na ulikuwa uongo.

"Basi andika. Nyinyi ni kitu kimoja."

Akarudia kugongomea. Wachuka alishuka na daftari lake, masikio yakimwaka.

Mkutano ulifanyika Jumamosi kando ya bwawa. Tilapia walikuwa wamezikwa, lakini harufu haikuzikwa. Wanachama wote walikuja, chifu akaja, Nduta akaja na faili na viatu vya mpira. Abdiaziz alisimama mbali, upande wake wa mfereji, mikono nyuma. Kingori alimkaribisha mtaalamu asome barua yake. Hakukuwa na maikrofoni. Wachuka alitoa karatasi mfukoni, na Kingori alipoona imeandikwa kwa mkono aliinyooshea kidole, lakini Nduta alimwambia amwache asome.

"Sauti, Bahari," Mugo aliita kutoka nyuma.

Alisoma bila kuinua macho.

"Naitwa mtaalamu wa bahari. Mimi si mtaalamu. Nina shahada ya kwanza ya oshenografia, ambayo ni elimu ya bahari, na katika elimu hiyo nilisoma joto la maji na jinsi yanavyosogea. Sikusomea samaki. Sikusomea sumu. Anayesema nimethibitisha sumu analitumia jina la elimu yangu kwa kitu kisichomo ndani yake."

Kingori alisema hiyo si barua waliyokubaliana. Nduta aliinua mkono, macho yake kwenye faili.

Wachuka aliendelea. Alisema dawa ya kupe ingeua kambare na vyura pia, na kambare wako hapo, kila mtu anawaona. Kambare hupanda juu kumeza hewa. Tilapia hutegemea hewa iliyo ndani ya maji, na usiku ule haikuwamo. Akasoma tarakimu za wiki kumi na mbili, Jumamosi kwa Jumamosi. Akasema mvua ya mawe ilipoza maji ya juu yakawa mazito, yakazama, na ya chini yaliyooza yakapanda. Katika bwawa la mita moja na nusu pengine samaki wangepona. Akasoma vipimo vya mahali Abdiaziz anaponyunyizia dawa. Watu walianza kunong'ona. Kisha akafika aya ya mwisho, ile aliyoiandika na kuikata na kuiandika tena.

"Nilijua hatari hii tangu siku ya kuchimba. Sikumwambia mwenyekiti wala kikundi. Kunyamaza huko ni kosa langu."

Nduta aliichukua karatasi akaiambatisha kwenye faili. Akauliza ni nani aliyeamua kina. Watu waliangalia plastiki, waliangalia viatu vyao, na mmoja wao nusura aseme.

"Mbona unauliza sisi?" Kingori alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, karibu ya upole. "Si umesikia kwa masikio yako? Mtaalamu alijua. Jina lake liko kwa fomu. Alisimama pale kwa ua akatuangalia tukichimba, akaenda nyumbani akapima maji kila wiki aone tutaangamia lini. Wiki kumi na mbili. Ameandika mwenyewe."

Ilikuwa kama ng'ombe waliogeuzwa kichwa. Dakika moja kabla yake walikuwa wakitazama juu, kwa Abdiaziz. Sasa hakuna aliyemkumbuka. Mwanamke mmoja aliyemfundisha Wachuka shule ya Jumapili alisema ni heri adui kuliko msomi. Mwingine aliuliza kama hilo ndilo walilompandishia mbele ya kanisa. Mugo hakutania tena; alisema kwa sauti kavu kwamba kama angekuwa ni dada yake angemwonyesha kitu. Chifu aliaga mapema. Wachuka alitaka kusema kwamba kina kingekuwa mita moja na nusu kama wangefuata maagizo. Hakulisema, kama siku zote.

Nduta alisema mbele ya wote kwamba ataandika ukosefu wa hewa, na kwamba hakuna sumu. Alimwambia Abdiaziz kwa kelele, ng'ambo ya mfereji, kwamba hana kesi. Abdiaziz aliitikia kwa kichwa, akageuka akaenda kwa mbuzi wake. Nduta pia akaondoka, maana faili yake ilikuwa imekwisha.

Thayu hupiga kura kwa kusimama. Anayeunga mkono hujipanga nyuma ya mtu wake, na kila mtu huona. Kingori alisema kikundi hakiwezi kukaa na nyumba iliyokiuza, akaomba wanaotaka Watiri abaki wasimame nyuma yake, na wanaotaka atoke wasimame nyuma ya mwenyekiti. Walitembea bila haraka. Wengine walimpita Watiri karibu kiasi cha kumgusa bega. Mstari wa Kingori ulifika hadi kwenye mahindi. Nyuma ya Watiri palikuwa na nyasi. Wachuka alipiga hatua kwenda kusimama pale, na mtu akamkumbusha kwamba yeye si mwanachama.

Ripoti ya Nduta ilitoka mwezi wa nne. Kikundi kiliondolewa kwenye mradi, na hilo nalo likawekwa juu ya Wachuka. Abdiaziz bado yuko mahali pake. Hakuwahi kuja kutoa shukrani, na pengine hakuona cha kushukuru. Kwake, kulikuwa tu na mtu aliyesema ukweli kumhusu, tena baada ya siku tano za kufikiria.

Mwezi wa saba vitunguu vya Watiri vilikomaa. Katika Thayu watu huvuniana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako, na kwa miaka tisa shamba la Watiri lilivunwa kwa siku moja na watu ishirini waliokuwa wakiimba. Mwaka huu walikuwa wawili. Walianza alfajiri, kila mmoja mstari wake, wakaing'oa robo tatu ya ekari kwa siku nne, wakivipanga vitunguu kwenye turubai kabla unyevu haujaviharibu. Siku ya tatu Kingori alipita barabarani na wanachama sita wakienda kuvuna kwa Mugo. Walisimulia jambo wakacheka. Hawakusalimu.

Watiri alijinyoosha, mkono kiunoni, akawatazama hadi walipoingia kwenye kona. Tangu siku ya mkutano alikuwa akiongea na binti yake mambo ya chumvi na kuni tu.

"Siku ya kuchimba ungesema," alisema. "Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kusema."

"Najua, mami."

"Hujui. Wewe unasema ukishaandika. Wakati huo watu wameshaumia."

Wachuka alisubiri aongeze neno. Watiri aliinama akaendelea kung'oa, na baada ya muda akamsukumia binti yake gunia tupu kwa mguu, bila kumtazama, kwa kuwa lile alilokuwa nalo Wachuka lilikuwa limejaa.